Watu Kumi na Watatu Uwanjani

Kila Ijumaa, tukishafagia darasa, Mwalimu wa hesabu hututoa uwanjani kucheza safu. Akipuliza filimbi, kila kundi linajipanga kwa safu zilizo sawa, mbili au zaidi, na safu isiwe ya mtu mmoja. Akipuliza tena, mnajipanga kwa namna nyingine. Kundi lenye namna nyingi hupewa mpira wa mapumziko.

Kundi letu lilikuwa la watu kumi na wawili, na tulikuwa hatushikiki. Safu mbili za watu sita, tatu za wanne, nne za watatu, sita za wawili! Kapteni wetu alitamba, utadhani kumi na mbili ameitengeneza yeye.

Kisha akaja msichana mgeni, akawekwa kwetu. Filimbi ikalia. Safu mbili, mmoja akabaki. Tatu, mmoja akabaki. Nne, sita, hivyo hivyo.

"Huyu ana mkosi," Kapteni akasema. "Wewe, kakae kule ukutani!"

Mgeni akaenda, machozi yakimlengalenga. Damu ilinichemka. Jamani! Asubuhi ile alikuwa ameniambia kwamba asipopata rafiki hapa, atamwomba mama yake amrudishe kwa bibi.

"Basi natoka mimi!" nikafoka.

"Usilete ukorofi."

"Ukorofi? Hivi huoni aibu?"

Nikamshika Mgeni mkono, nikamsimamisha mahali pangu, nikatoka. Safu tatu za wanne, sawasawa kabisa! Kapteni akakodoa macho.

Mwalimu alikuwa anatutazama. "Kapteni, toka wewe, huyu arudi." Akatoka, nikarudi. Safu zikakaa vilevile. "Kumbe mwenye mkosi ni wewe?"

Tukaangua kicheko.

"Kumi na tatu ni namba tasa," Mwalimu akaeleza. "Hugawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mtoeni yeyote, mtabaki kumi na wawili, na namba hiyo hugawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita. Wenzenu wa kundi lile ni kumi na mmoja, tasa pia. Nanyi mlikuwa mnawacheka kwamba hawana akili!"

Aa, hapo nikamgeukia yeye. "Lakini Mwalimu, makundi uliyapanga wewe!"

Mwalimu akajikuna kidevu. "Kweli. Hilo kosa ni langu. Mmoja wenu ahamie kule, kila kundi liwe na kumi na wawili. Nani aende?"

Kapteni, bila haya, akamnyooshea kidole Mgeni.

"Siendi," Mgeni akasema. "Nimechoka kutolewa."

Kapteni akainamisha kichwa.

"Utakwenda wewe, Kapteni," Mwalimu akasema. "Na siku nyingine safu zikigoma, hesabuni kwanza. Mwenzenu si baki la kutupwa ukutani."