Mtamba wa Ubingwa

Jumapili saa kumi na moja jioni Monika alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani. Kigingi alikikuta, kamba akaikuta, ila mtamba hakuwepo. Alimwita kwa jina, akazunguka boma, akashuka hadi kwenye mashina makavu ya pamba nyuma ya nyumba, akaita tena. Ndipo akaweka ndoo chini na kuanza kulia.

Kesho yake asubuhi Sajenti Respicius wa upelelezi, Bariadi, alisimama mbele ya kigingi kile akiwa na usingizi machoni. Alikuwa ametumikia miaka kumi na mmoja mkoani Simiyu. Aliomba uhamisho wa kurudi Kagera mara tatu na mara zote akajibiwa asubiri. Majalada ya wizi wa ng'ombe kabatini kwake yalikuwa yamebanana hata mlango haufungi. Hili la leo lilimchosha zaidi, kwa sababu mtamba aliyeibwa alimjua.

Aliitwa Kombe. Miaka miwili nyuma Respicius na wenzake watano, waliojuana kwa kucheza mpira wa simu mtandaoni, walianzisha ligi yao ya fantasi, wakachanga pesa wakamnunua mtamba awe kombe la bingwa. Kila mwezi wa nane, kabla ya ligi ya Uingereza kuanza, walikutana hewani wakachagua wachezaji kwa zamu. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine hawampati tena. Wachezaji wako wakifunga huko kweli, wewe unapata pointi. Bingwa alikabidhiwa Kombe kwa mwaka mzima, na ndama atakayezaliwa katika mwaka huo ni wake. Bingwa wa msimu uliopita alikuwa Maganga, fundi simu wa mjini. Maganga hana boma, kwa hiyo mtamba akamweka kwa Monika, mjane, amtunze kwa mila ya huku: mtunzaji anakula maziwa. Kombe alikuwa na mimba. Alibakiza wiki chache tu azae.

"Mwangaluka, baba," Monika alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Nieleze tangu mwanzo, mama."

"Saa nane nimeenda kisimani. Kiangazi hiki foleni ni ndefu, Jumapili ndiyo zaidi. Nimerudi, hayupo. Ndiyo hayo."

Respicius aliinama, magoti yakalia. Kamba ilikuwa imefunguliwa fundo, haikukatwa. Ardhini hapakuwa na alama za mnyama kuburutwa. Nyayo zilikwenda polepole hadi barabarani, zikaishia penye alama za matairi ya gari dogo la mizigo. Kando ya nyayo, hapa na pale, palikuwa na vipande vyeupe. Aliokota kimoja akakiweka ulimini.

"Magadi ya kulambisha ng'ombe," alisema. "Yako?"

"Magadi nitoe wapi? Hata chumvi ya mboga tunapima kwa kucha."

"Nani amewahi kuja kumwona Kombe?"

"Maganga. Shemeji yangu Ndalahwa, kila siku anakuja kunihesabia vitu. Na nyinyi, mlipokuja mwezi wa sita mkapiga naye picha."

Picha hiyo ilikuwa bado ndiyo sura ya kundi lao kwenye simu: Maganga kavimba kifua kama diwani, Respicius kafumba macho, na Erasmus, mwalimu wa Mwandoya, anacheka huku Kombe akimlamba kiganja.

"Kesho mchana sungusungu wanakaa," Monika alisema. "Wamesema nimemuuza. Nisipolipa mitamba miwili, natengwa. Nikitengwa, baba, hata moto siombi kwa jirani. Kisimani nikifika, wote wanaondoka. Na nina watoto wanne."

Respicius alitazama pembeni. Aliwahi kuona mtu aliyetengwa, na hakutaka kumwona mwingine.

Respicius alimkuta Ndalahwa, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akinoa panga kivulini mwa ghala lake la pamba.

"Mwangaluka, Sajenti. Umekuja kumchukua mwizi wetu?"

"Nimekuja kuuliza. Shamba la marehemu kaka yako analilima nani?"

Ndalahwa aliacha kunoa. "Monika."

"Akitengwa akahama, atalilima nani?"

"Usinizungushe. Shamba ni la ukoo, na hilo nalisema hadharani. Lakini mtamba sikumgusa. Aliyepewa mali ya mtu akaipoteza analipa, hii sheria si yangu."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kisimani, nasimamia foleni. Muulize huyo huyo shemeji yangu, nilimfokea mbele ya watu kwa kuleta ndoo tatu."

Respicius alirudi kumuuliza Monika. Mjane angeweza kunyamaza tu, na shemeji aliyemtesa angelala mahabusu. Hakunyamaza. "Alikuwepo," alisema. "Tulimwacha pale pale, bado anafoka."

Mchana Respicius alikaa kwenye benchi la kibanda cha Maganga, karibu na stendi. Maganga alikuwa anafungua simu ya mtu.

"Watu wanasema nimemuuza mwenyewe kabla sijanyang'anywa na bingwa mpya," Maganga alisema. "Wewe unasemaje?"

"Nasema jana tangu saa tisa hadi kiza kinaingia ulikuwa hapa ubavuni mwangu, unalia kwamba nimekuibia winga."

"Uliniibia! Yule mfupi wa mguu wa kushoto nilimsubiri mwaka mzima, halafu zamu yako ya kwanza tu, pyu, umembeba."

Respicius alitabasamu kwa uchovu. Jana, siku ya kuchagua wachezaji, ilikuwa siku yake nzuri ya pekee tangu Pasaka. Yeye na Maganga kwenye benchi hili, chipsi katikati; Anyes, muuguzi wa Mwamanyili, sauti yake ikitoka kwenye spika bila kupumzika; ndugu wawili wa Dodoma, ambao Kombe wanamjua kwa picha tu, wakibishana wao kwa wao. Na Erasmus akiwa Mwandoya. Yeye aliandika mapema kwamba mtandao wa huko ni mbovu, hataongea, atachagua kimyakimya, na kwamba kesho anakabidhi mahari kwa wakwe huko Lingeka, wamwombee. Walimpigia vigelegele.

"Tatizo lilikuwa Erasmus," Maganga alisema, akipuliza vumbi kwenye simu. "Kila zamu yake tunangoja mpaka muda unaisha. Na halafu anamchukua nani? Yule mshambuliaji aliyevunjika goti wiki iliyopita! Mtu hachezi msimu mzima! Anyes alicheka mpaka akapaliwa."

"Mapenzi hayo," Respicius alisema. "Anaoa, akili haipo."

Alirudi ofisini. Mkuu wake wa upelelezi alipita mlangoni, akauliza jalada la mtamba limefikia wapi. "Magari ya wezi yanapita tu hapa, Respicius. Andika mwizi hakufahamika, tuendelee na mengine."

Alishika kalamu. Aliandika "Mwizi", kalamu ikasimama. Alikuwa anawaza magadi. Mwizi wa njiani anakuja na fimbo na haraka zake, habebi magadi mfukoni. Aliyembembeleza Kombe kwa magadi alijua kwamba atamfuata. Respicius alitoa simu, akaitazama ile picha ya kundi, akaikuza. Kiganja cha Erasmus, kilicholambwa, kilikuwa cheupe.

Hapana, alijiambia. Erasmus tulikuwa naye. Alikuwa anachagua na sisi.

Kisha akakumbuka kanuni. Katika ligi yao, zamu ikifika nawe hupo, muda unaachwa uishe, kisha mashine inakuchagulia. Inachukua aliyebaki mwenye pointi nyingi za msimu uliopita. Mashine haisomi magazeti, haijui nani kavunjika goti. Erasmus ndiye aliyewapelekea habari za majeruhi kila asubuhi kabla ya kuingia darasani.

Alipiga simu. Ng'ambo ya pili kulikuwa na ngoma na vicheko.

"Kaka Respi! Tumekabidhi! Wazee wamepokea!"

"Hongera, mwanangu. Samahani kukusumbua siku ya furaha. Kombe ameibwa."

"Ameibwa? Lini?"

"Jana mchana, tukiwa tunachagua. Nawauliza wote, ni utaratibu tu. Ulikuwa Mwandoya?"

"Kwani siyo tulikuwa wote hewani, kaka?"

"Kweli. Na timu yako unaionaje?"

"Nzuri sana. Mwaka huu ubingwa wangu. Yule niliyemtaka nilimpata."

"Yupi?"

"Yule winga mfupi, wa mguu wa kushoto. Mliniachia wenyewe."

Respicius alifumba macho. "Sawa, mwanangu," alisema. "Kula vizuri." Alikata simu, akaweka kichwa mezani, na askari wa zamu aliyepita akadhani amelala.

Jumanne alfajiri gari la polisi liliondoka Bariadi, Respicius mbele na Monika nyuma pamoja na askari mmoja. Walipofika Lingeka jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Kwa Mzee Mayige, baba yake Jenifer, mchumba wa Erasmus, wageni walikuwa bado wamelala kwenye mikeka, na zizini kulikuwa na ng'ombe wa mahari, kumi na wawili. Erasmus alitoka akiwa na shati la sherehe lililokunjamana. Alimwona Respicius akafungua mikono. Kisha akamwona Monika, mikono ikashuka.

"Mzee Mayige," Respicius alisema baada ya salamu, "naomba mama huyu amwite ng'ombe mmoja."

"Amwite," mzee alisema. "Ng'ombe wangu hawamjui."

Monika alikwenda ukingoni mwa zizi. "Kombe," aliita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Mtamba mwekundu mwenye tumbo kubwa aliinua kichwa katikati ya wenzake, akawapenya, akaja kuweka pua kwenye kanga yake. Monika alimkumbatia shingo.

"Ng'ombe wanafanana, kaka," Erasmus alisema. "Huyo nilinunua mnadani."

"Juzi alasiri ulikuwa wapi?"

"Nimeshakuambia. Nilikuwa hewani na nyinyi."

"Winga mfupi wa kushoto ni wangu, Erasmus. Nilimchukua zamu ya kwanza, Maganga akapiga kelele hadi stendi wakageuka. Wewe una mshambuliaji aliyevunjika goti. Mpaka sasa timu yako hujaifungua hata kuitazama. Uliiacha mashine ikuchagulie, ukakodi gari, ukaenda kwa mama huyu na magadi, kwa kuwa tulikuonyesha sisi wenyewe njia, na tulikuambia Jumapili yeye huwa kisimani."

Jenifer alikuwa amesimama mlangoni. Erasmus alimtazama yeye kwanza, kisha chini.

"Jumamosi wazee walikagua ng'ombe," alisema. "Mmoja wakamkataa, ana pembe moja. Wakasema lete mtamba mwenye mimba kabla ya Jumatatu, au shughuli ivunjike. Mtamba wa mimba kwa siku moja ningempata wapi? Nikasema Kombe hata mimi nina sehemu yangu. Nikasema nitashinda msimu huu, atakuwa wangu kihalali, hakuna atakayeuliza."

"Kwa timu ile?" Respicius alisema.

"Sikujua watamtenga mama. Naapa."

"Ungejua ungefanyaje?"

Erasmus aliinua macho. "Unataka kujua kwa nini sikuogopa, kaka? Kwa sababu jalada lingekuwa lako. Wewe mwenyewe umetuambia mara ngapi hewani, majalada ya ng'ombe siku hizi unayafunga hata hujayasoma. Tunacheka. Nikajua hata hili utaandika mwizi hakufahamika. Nilijua umechoka."

Respicius alimfunga pingu polepole, kwa uangalifu wa mtu anayemvalisha mgonjwa shati. Maneno yale yalimuuma, na yalimuuma zaidi kwa sababu yalikuwa kweli.

Mzee Mayige alisimama kwa fimbo yake. "Mfungulieni zizi mama huyu," alisema. "Na hao wengine mwalimu atawafuata siku nyingine. Mimi nilidai mahari, siyo kesi." Jenifer aliingia ndani akafunga mlango.

Walirudi gari moja: mwizi, askari, mjane, na mtamba aliyefungwa katikati yao. Njia nzima Monika alimshikilia Kombe asiyumbe. Kwenye mashimo makubwa Erasmus naye, kwa mikono yake yenye pingu, alisaidia kumshika.

Sungusungu walikuwa wamekwisha kaa gari lilipofika. Ndalahwa alikuwa amesimama katikati, ameshaanza kusema. Alimwona Kombe akishushwa, akatafuta pa kukaa. Mzee mmoja alisema, "Basi tumpe mama pole," na watu wakaanza kutawanyika, wengine bila kumtazama Monika usoni. Jioni ile jirani alituma mtoto kwake kuomba kaa la moto. Monika alimpa mawili.

Ligi ilianza Ijumaa. Hakuna aliyeandika neno kwenye kundi. Wiki ilipoisha Respicius alifungua kutazama msimamo: timu ya Erasmus, ile iliyochaguliwa na mashine, ilikuwa inaongoza. Maganga aliuliza kama waifute. Respicius alimjibu waiache ilivyo, kisha akazima simu.

Alifungua kabati. Majalada matatu yalimwangukia miguuni. Aliokota la juu, akalipeleka dirishani penye mwanga, akalisoma tangu ukurasa wa kwanza. Alipomaliza alipiga namba iliyoandikwa pale.

"Nani mwenzangu?" sauti ya mama mtu mzima iliuliza.

"Sajenti Respicius, polisi Bariadi. Nakupigia kuhusu ng'ombe wako, mayu."

"Ng'ombe gani? Aliibwa mwaka juzi yule, baba. Mlisema mwizi hakufahamika."

"Najua tulisema," Respicius alijibu, akavuta kiti. "Nieleze tena, tangu mwanzo."