Karakana Iliyomnenepesha Nanga

Mchana ulipofika, misumeno ilizimwa. Vumbi la mbao likatulia sakafuni. Mafundi seremala wakanawa mikono, wakafungua vyombo vyao vya chakula. Lakini hakuna aliyeanza kula. Kwanza walipanga mstari mbele ya mtu mmoja.

Mtu huyo aliitwa Nanga. Alikuwa fundi wa vitanda, mwenye umri wa miaka hamsini na sita na mabega mapana kama mlango wa ghala. Kila aliyempita alimwekea kitu kwenye sahani. Huyu kipande cha nyama pamoja na mafuta yake. Yule viazi vya kukaanga. Mwingine yai.

"Jamani, nimeshiba," Nanga alisema.

"Nanga hashibi!" wakamjibu. "Nanga anaongezeka tu!"

Wakacheka mpaka bati la paa likaitikia.

Kila mwaka karakana hii ilishindana na gereji ya jirani katika kuvuta kamba. Mtu wa nyuma kabisa ndiye anayezuia timu isiburutwe. Hukita visigino, hulalia kamba, hang'oki. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Nanga, na hivyo ndivyo alivyopata jina lake.

Lakini mashindano yaliyopita gereji walishinda. Walikuja na fundi magari mpya, mkubwa kama gari lenyewe. Walimwita Spana. Spana alimburuta Nanga kama mtu anavyoburuta gunia. Tangu siku hiyo, watu wa gereji hawakupita mlango wa karakana bila kupiga kelele: "Nanga imekatika!"

Fundi Mkuu wa karakana alikasirika. Akatoa amri.

"Uzito kwa uzito. Mnenepesheni Nanga! Na asibebe ubao hata mmoja. Atunze nguvu zake."

Basi Nanga akapewa stuli. Randa aliletewa alipoketi. Gundi aliletewa alipoketi. Akishamaliza kula aliwasha sigara, akapuliza moshi kama mfalme. Alifurahi. Nani asiyependa kupendwa?

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa binti yake, aliyepaka vanishi katika karakana hiyohiyo. Alikuwa amemwona baba yake akiinama kufunga viatu. Alipoinuka, alikuwa anatweta kama aliyefukuzwa na mbwa.

"Baba, uko sawa?"

"Mimi? Mimi nilikuwa bingwa wa mbio ulipokuwa hujazaliwa."

"Ndiyo maana nauliza, baba. Nimezaliwa zamani."

Wiki hiyo kliniki ya mtaa ilikuwa imeagiza benchi la wagonjwa. Wabebaji hawakufika, kwa hiyo Nanga na binti yake wakalibeba wenyewe. Kliniki ilikuwa ghorofani. Katikati ya ngazi Nanga akasimama. Akashika ukuta. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Aliyejenga ngazi hizi si fundi," alisema.

"Ngazi ni nzima, baba."

Mlangoni walikutana na muuguzi, jirani yao wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Mara..." Nanga alivuta pumzi. "...haba."

Muuguzi alimtazama. Aliwaonyesha pa kuweka benchi, kisha akamwambia Nanga akae hapohapo juu yake.

"Tulia kwanza. Usizungumze. Miguu chini, mgongo uegemee."

Nanga alipokwisha kupumzika, muuguzi alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi. Akapima presha. Akangoja kidogo, akapima tena.

"Mia moja themanini kwa mia moja na kumi," alisema. "Mzee, hii imepanda sana. Tunataka iwe chini ya mia moja arobaini kwa tisini."

"Mashine yako mbovu. Mimi sisikii chochote."

"Ndiyo ubaya wa presha, jirani. Haipigi hodi. Wengi huijua siku imeshavunja kitu ndani."

Binti alisogea karibu. "Kuvunja nini, dada?"

Muuguzi akavuta kiti.

"Moyo unasukuma damu kwenye mishipa. Mshipa wa kijana unanyumbulika. Damu ikija, unatanuka, kisha unarudi. Miaka ikienda, mishipa inakuwa migumu kidogo kidogo. Hilo ni la umri, halina mwenye kosa. Lakini kuna tunayoongeza sisi wenyewe. Moshi wa sigara unaumiza ukuta wa ndani wa mshipa. Mafuta yaliyozidi kwenye damu yanaganda palepale, njia inakuwa nyembamba. Chumvi nyingi inapandisha presha. Kukaa kutwa kunaudhoofisha moyo. Sasa moyo unasukuma kwa nguvu kwenye njia nyembamba na ngumu. Siku moja unachoka. Au mshipa unaziba, au unapasuka kichwani, mtu anapooza."

Nanga alijua mbao. Akazungumza kwa lugha ya mbao.

"Ubao ukishakauka, dada yangu, haurudi kuwa mbichi. Basi mimi ndiyo nimekwisha."

"Ubao umekufa, mzee. Wewe uko hai! Mshipa ulio hai unasikia unavyotendewa. Hatuwezi kuurudisha wa miaka ishirini. Lakini presha inashuka. Ukiacha sigara, hatari inaanza kupungua mapema. Ukitembea, moyo unapata nguvu, hata katika umri wako. Hujachelewa."

"Lakini mimi nilikuwa bingwa."

"Mwili hauweki akiba ya mazoezi. Ya jana umeshayatumia."

Daktari wa kliniki alimpima moyo na damu, akampa dawa za kumeza kila siku. Kisha akasema neno lililomchoma Nanga kuliko sindano.

"Kuvuta kamba, hapana. Unapojikaza na kubana pumzi, presha inaruka juu zaidi. Anza kwa kutembea. Hilo la kamba tutaliangalia baadaye."

"Daktari, mashindano yamebaki miezi minne! Nani atakaa nyuma?"

"Mimi najua nani atakaa kaburini ukikaa wewe."

Kesho yake mchana, mstari ulipangwa kama kawaida. Yai la kwanza lilipokaribia sahani, binti akaweka mkono wake juu.

"Yai halina kosa," alisema. "Lakini leo basi. Mnamlisha baba yangu kama dume la kuchinjwa."

Kisha akawaambia yote, tangu ngazi mpaka neno la daktari. Fundi Mkuu alikuna kichwa.

"Sisi tulikuwa tunampenda tu, binti yangu."

"Basi mpendeni kwa njia nyingine. Mpeni ubao abebe. Mdogo mdogo. Na moshi wenu mvutie nje, mbali naye, maana unamtamanisha na unamdhuru."

"Na kamba?" mtu mmoja akauliza. "Nyuma atakaa nani?"

"Mimi."

Kicheko kikalipuka. "Wewe? Mpakaji wa vanishi?"

"Angalieni mabega," Nanga alisema polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo. "Hayo mabega ni yangu."

Wakayaangalia. Wakaacha kucheka.

Fundi Mkuu alimwalika muuguzi karakanani. Mafundi wote wakapimwa. Aliyekutwa na presha ya juu baada ya Nanga alikuwa Fundi Mkuu mwenyewe.

"Hasira za gereji hizo!" alijitetea.

"Na chumvi unayoongeza kabla hujaonja," muuguzi akamjibu. Watu wakapiga makofi.

Kisha akawa makini. "Sikilizeni vizuri. Mtu kifua kikimbana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho la baridi likamtoka, msingoje. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea ghafla, maneno yakakwama, msingoje. Msimkande, msimpe chai. Hospitali, saa ileile!"

Nyumbani, mke wa Nanga, mshona mapazia, alikiondoa kikopo cha chumvi mezani. Akapika maharage kwa kitunguu saumu na ndimu. Nanga akaonja.

"Mama watoto, hiki chakula kinanitazama tu, hakinisemeshi."

"Kizoee. Kitakusemesha ukiwa hai."

Sigara ndiyo iliyompiga vita. Mara mbili aliacha, mara mbili akarudi. Alipoona aibu, muuguzi alimwambia kuacha ni kujaribu mpaka ishike. Mara ya tatu ikashika. Kila jioni alitembea na mkewe, kwanza mpaka kona, kisha mpaka sokoni, kisha kuzunguka mtaa mzima. Alipojisikia vizuri alitaka kuacha dawa.

"Nimepona!"

"Umepata nafuu kwa sababu unameza," mkewe akasema, akampa maji.

Wiki ya mashindano muuguzi alimpima tena. Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne! Nanga alishuka ngazi za kliniki akiimba. Dawa iliendelea. Kamba bado ilikuwa marufuku. Lakini Fundi Mkuu alikuwa amempa kazi nyingine, ya kuita. Yeye ndiye atakayetoa sauti ya kuwaongoza wavuta kamba.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Upande mmoja gereji wenye grisi, upande wa pili karakana wenye vumbi. Spana alipoona nani amekaa nyuma, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nanga mmeibadilisha na msumari?"

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi!" binti akamjibu. Uwanja ukalipuka.

Mvuto wa kwanza, gereji wakashinda. Mvuto wa pili, karakana. Ukabaki wa tatu.

Filimbi ikalia. Kamba ikakaza kama waya. Kwa muda hakuna aliyesogea. Kisha viatu vya karakana vikaanza kuteleza. Kidogo. Kidogo tena. Watu wakaanza kupiga kelele: "Nanga! Nanga! Nanga!"

Mikono ilimwasha Nanga. Kamba ilikuwa hatua moja tu kutoka miguuni pake. Akainama. Vidole vyake vikaikaribia.

"Baba, usiguse!" binti alilia, mishipa ya shingo imemtoka. "Sauti! Tupe sauti!"

Nanga aliganda. Akawatazama mafundi wake usoni. Wote walikuwa wamefumba midomo, wamevimba mashavu. Walikuwa wanabana pumzi, kila mtu akivuta kwa wakati wake.

Akasimama wima. Akajaza kifua.

"Acheni kubana pumzi! Mnapovuta, toeni! Kwa pamoja! Vutaaa, haa!"

"Haa!"

"Vutaaa, haa!"

"Haa!"

Kamba ikasimama. Kisha ikarudi. Sauti ya Nanga ilifika mpaka barabarani, haikukatika hata mara moja. Haa! Spana akapiga goti. Haa! Gereji wakaanguka mmoja juu ya mwingine, na kitambaa chekundu cha katikati kikavuka mstari.

Karakana wakaruka, wakakumbatiana, wakambeba binti juu juu. Mke wa Nanga alikuwa akipiga vigelegele na kulia kwa pamoja.

"Umeigusa?" alimuuliza mumewe.

"Sijaigusa."

"Hata kidole?"

"Hata kidole, mama watoto."

Akamshika mkono mbele ya watu wote.

Spana alikuwa bado amekaa chini, anatweta, uso umemwiva. Nanga akamwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Mwakani," Spana alisema kati ya pumzi mbili, "nitaongeza uzito."

"Mimi pia niliongezwa. Umeshapimwa presha?"

"Mimi? Mimi dume, bwana. Sisikii chochote."

Nanga hakubishana. Asubuhi iliyofuata alikwenda gereji, akasimama kando ya gari ambalo Spana alikuwa amelala chini yake, akakataa kuondoka. Mafundi magari wakaanza kumtania Spana kwamba anaogopa kitambaa cha kupimia presha. Mwisho akatoka, akajifuta grisi, akamfuata.

Walipanda ngazi za kliniki taratibu, wakipumzika kila Spana alipohitaji. Muuguzi akamfunga kitambaa mkononi. Lile dume likafumba macho.

"Inauma?" lilinong'ona.

"Inabana kidogo," Nanga alimwambia. "Halafu inaachia."