Mbio za Siri za Chesang

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba, Chesang alichukua kibuyu cha maziwa, akamwambia baba yake kwamba anaenda kwa jirani. Alipofika nje ya boma alikificha kibuyu kwenye ua, kisha akaanza kukimbia. Alipita katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa nje ya mji wa Kitale, hadi jasho lilipomtiririka. Ndipo akarudi kuchukua kibuyu, akaenda kwa jirani kuleta maziwa.

Hakupaswa kukimbia. Mwalimu Rispah, aliyewafunza mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, alikuwa amewakataza hadi shule zifunguliwe. Aliwaeleza kwamba miezi isiyo na mashindano ina kazi yake: kuogelea, kuendesha baiskeli taratibu, kunyoosha viungo na kulala vya kutosha. Kwa njia hiyo moyo na mapafu vingebaki imara, nayo miguu ingepumzika. Zaidi ya wote alimwonya Chesang, ambaye muundi wake ulikuwa ukimuuma tangu mashindano ya mwisho.

Lakini mama yake Chesang alikuwa amefariki mwezi wa Juni. Tangu mazishi, baba yake, mzee Kipkosgei, hakumtaja tena. Nyumbani mlikuwa kimya kama kanisani siku ya kazi. Barabarani peke yake, Chesang aliweza kulia bila mtu kumuuliza kitu.

Siku moja, wakitoka kuogelea, Mwalimu alimwona akichechemea. Akamvuta kando.

"Chesang, unakimbia?"

"Hapana, Mwalimu. Nilijikwaa tu."

Rafiki yake Phelista alikuwa akimsubiri langoni. Walikuwa timu moja. Januari wangeshindana Bungoma kwa kupokezana: Phelista angeogelea, mwenzao Makokha angeendesha baiskeli, naye Chesang angemalizia kwa kukimbia. Nyanya yake Phelista angetoka Sirisia kuja kumwona mjukuu wake akishindana kwa mara ya kwanza.

Wiki ya mwisho ya likizo, waliendesha baiskeli kuelekea Bungoma, gari la Mwalimu likiwafuata nyuma. Walisimama Misikhu kununua ndizi. Chesang aliposhuka na kukanyaga chini, mguu ulikataa. Alianguka kando ya baiskeli yake, akauma midomo asipige kelele. Mwalimu alimbeba mwenyewe hadi garini.

Hospitalini, daktari aliwaonyesha picha ya mguu. Mfupa wa muundi ulikuwa umeingia ufa. Alisema ufa wa namna hiyo hauletwi na kujikwaa. Huletwa na kuugonga mguu chini siku baada ya siku bila kuupumzisha. Asingekimbia kwa miezi kadhaa.

Baba yake alifika jioni, viatu vikiwa na vumbi la shamba. Chesang alipomwona, hakuweza kuficha tena. Akawaeleza yote.

"Mimi nilidhani unaenda kuchukua maziwa tu," baba alisema polepole. "Mbona hukuniambia?"

"Nyumbani hatumtaji mama. Nikikimbia, naweza kumlilia."

Mzee Kipkosgei alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. "Hata mimi humlilia," akasema. "Shambani, ukiwa shule. Niliogopa kukuumiza."

Timu ilijiondoa kwenye mashindano, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kukimbia. Nyanya yake Phelista aliambiwa asisafiri. Chesang alimwendea rafiki yake kwa magongo, akamwomba msamaha. Phelista aligeuka, akaenda zake.

"Ungeniambia tu," alimwambia siku chache baadaye, macho yake yakiwa chini. "Si mimi ni rafiki yako?" Kisha akamshikia mkoba wake hadi darasani.

Mfupa ulipona polepole. Jioni, Chesang na baba yake walipukuchua mahindi pamoja na kuzungumza juu ya mama: jinsi alivyoimba akikamua ng'ombe, jinsi alivyochukia chai isiyo na tangawizi. Mara nyingine walilia, mara nyingine walicheka.

Daktari alipomruhusu kuogelea, Mwalimu Rispah alimketisha ukingoni mwa kidimbwi cha kuogelea.

"Sikukukataza ili kukuadhibu," alimwambia. "Mwili hujengwa na mazoezi, lakini hujengwa pia na mapumziko. Anayeficha maumivu huyakuza, yawe ya mguu au ya moyo. Na uongo wako haukukuumiza wewe peke yako. Siku nyingine ukiumia, useme mapema, tukusaidie."

"Nimesikia, Mwalimu," Chesang akasema. Alijifuta machozi mbele yake bila kujificha, kisha akaingia majini taratibu.