Wimbo wa Wodi ya Watoto

"Wimbo wa tatu sasa, Gwiji! Huu ndio uliokupa jina. Ulizaliwaje?"

Fundi alikuwa akipinda suruali ya mteja. Aliposikia swali hilo alisimamisha cherehani, akaongeza sauti ya redio. Aliyekuwa akihojiwa ni mumewe, mpiga gitaa, waliyeoana miaka kumi na miwili iliyopita, na kipindi kilihusu nyimbo zilizomlea msanii. Wa kwanza, Gwiji alisema, ni ule marehemu baba yake, mwashi, aliouimba akipanga matofali. Kweli. Wa pili ni wa kwaya ya shule. Kweli pia. Fundi alikuwa hata anatabasamu.

"Huu niliutunga nikiwa ziarani," Gwiji akasema, akivuta pumzi kama mwenye simanzi. "Kuna mtu alikuwa amelala, mimi namtazama. Maneno yakaja yenyewe. Lala, mlango nitaulinda mimi."

"Mtu gani huyo? Usimung'unye maneno!"

"Yupo hapahapa studio. Mwitikiaji wangu. Mungu akipenda, mwezi ujao tunafunga ndoa."

"Eh! Na mkeo?"

"Tumeshaachana kimoyo. Mtu mzuri, ila ni fundi wa nguo tu. Muziki haumwingii."

Fundi hakulia. Alibaki ameshika ile suruali kama imemng'ata.

Wimbo ule aliutunga yeye. Mtoto wao wa kwanza, binti wa miezi saba, alilazwa siku kumi na moja, mapafu yamejaa maji. Fundi alimpakata, akamwimbia maneno aliyoyaokota palepale kitandani. Gwiji alikuwa ziarani, simu imezimwa. Baada ya maziko alimkuta mkewe akikunja vinguo vya marehemu huku anauimba, akaomba autilie gitaa. Fundi alikubali. Alidhani ndivyo baba anavyoomboleza.

Simu ya Fundi ikalia, ujumbe umeingia. Wimbo mwingine ulikuwa ukipigwa redioni, Gwiji akapata nafasi ya kuandika: "Usije ukapiga huku. Ni mambo ya biashara tu. Nitakueleza."

Kabla hajajibu, mtangazaji akarudi hewani.

"Tuna mpigaji simu. Haloo?"

"Haloo, mwanangu. Mimi ndiye mama mzazi wa huyo mnayemwita Gwiji."

"Mama! Karibu sana! Unajivunia kijana wako?"

"Najivunia nini? Huo wimbo ulitungwa mbele yangu, wodi ya watoto, mkwe wangu kampakata mjukuu wangu. Huyo gwiji wenu hakuwepo."

"Mama, tuko hewani," Gwiji akanong'ona.

"Najua, ndiyo maana nimepiga. Nyumbani hunisikii. Niambie, ulimtazama nani amelala? Maana mwanao hukumtazama, hata siku aliyolala moja kwa moja."

 Ikasikika sauti nyembamba ya kike:

"Uliniambia hujawahi kupata mtoto."

Kiti kikaburuzwa, mlango ukabamizwa. Mtangazaji akakimbilia tangazo la sabuni.

Alasiri Gwiji akaingia dukani kwa mkewe bila hodi.

"Umemtuma mama anivue nguo!"

"Mama yako hatumwi na mtu. Utoke kwenye mwanga, sioni sindano."

Akalainika. "Mke wangu, tusiwape walimwengu cha kusema. Twende redioni, tuseme tulitunga pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Nilikuwa kazini, jamani!"

Fundi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, kama anavyokitazama kitambaa kilicholiwa na nondo.

"Ungekuwa na hawara tu, ningesema nimepata mume mkorofi, kama wenzangu. Lakini wewe umechukua kifo cha mwanao ukakitumia kutongozea. Hilo hata halina jina."

"Nisamehe."

"Siwezi kukusamehe kwa niaba ya marehemu."

"Sasa jukwaani nitaimba nini? Watanizomea!"

Fundi akacheka, cheko fupi, kavu.

"Hata sasa unawaza jukwaa. Toka. Na talaka yangu uilete mwenyewe, usimtume mtu."

Aliileta baada ya wiki tatu, kofia mkononi. Fundi aliisoma, akaikunja, akaendelea kushona bila kumkaribisha kiti.

Redio ikamwita, naye akaenda na mama mkwe. Mtangazaji, safari hii kwa adabu, akamwomba auimbe ule wimbo.

"Siuimbi. Nilishamwimbia aliyehusika."

"Basi tuwaambie wasikilizaji, wimbo huu ni wa nani?"

Fundi akasogea kwenye kipaza sauti, akataja jina la binti yake, la kwanza, la pili na la ukoo, polepole, kama anayemwandikisha mtoto shuleni. Lilikuwa halijawahi kutajwa hadharani tangu siku ya maziko.

Mama mkwe, aliyekaa pembeni, akaitikia kwa sauti: "Ndiye. Mjukuu wangu huyo."