Walinipa Pikipiki ya Kelele

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa Gisenyi. Nililelewa Goma, nikarudi Rwanda na wazazi wangu. Nimesoma mikasa yenu humu, wasomaji wenzangu, na wengi wenu mnamaliza mkisema mmesamehe... Mimi sijasamehe. Na sitaki mtu aniombee!

Kisa changu ni cha pikipiki. Ndiyo, pikipiki! Msicheke kwanza.

Kila alfajiri ya siku ya soko nilinunua sambaza kwa wavuvi zikiwa bado zinang'aa, nikapanda nazo hadi soko la Kanama. Kule juu watu wana viazi na maharage, samaki hawana. Wateja walinisubiri mimi. Lakini konvoyeri, wale makondakta wa minibasi, hawakunitaka kwa sababu maji ya samaki yanawadondokea abiria. Waliniacha barabarani mpaka jua linawaka. Sambaza hazijui kusubiri! Zikipigwa jua zinapasuka tumbo, na hakuna anayezigusa. Soko hilo ndilo lililomlisha mwanangu Divine. Nikilipoteza, nimekwisha.

Nikajinyima, nikaweka akiba. Nikamwambia mume wangu Evariste kwamba nataka pikipiki, na nikamweleza ya namna gani. Iwe ndogo. Iwe nyepesi, ili ikianguka kwenye tope niiinue mwenyewe. Lakini iwe na nguvu ya kuvuta tangu chini, injini ikizunguka polepole, bila makelele... Nilijuaje? Nimebeba beseni kichwani tangu utoto! Anayepanda mlima na mzigo hakimbii. Anapiga hatua fupi, anakanyaga, anaenda. Tena nilikuwa nimemwona muuguzi wa chanjo akipanda hadi Kanzenze na pikipiki ya namna hiyo, sanduku lake la barafu nyuma, taratibu kabisa.

Karibu na mpaka wa Petite Barrière kulikuwa na muuzaji mmoja, Papa Safari, aliyekuwa na pikipiki mbili. Moja nyekundu, fupi, imechubuka. Nyingine nyeusi, ndefu, inang'aa. Evariste akaniambia nisiende, eti muuzaji akimwona mwanamke anapandisha bei. Angekwenda yeye na Béatrice. Nikawakabidhi akiba yangu yote.

Béatrice ni nani? Ah, Béatrice! Aliuza viazi Kanama. Ndiye aliyemshika Divine kwenye ubatizo, marraine wake mbele ya Mungu na parokia nzima. Alikula kwangu. Alilala kwangu. Ningewezaje kumshuku?

Wakarudi na ile nyeusi, wakasema imemaliza pesa zote. Nikauliza, mbona si nyekundu? Evariste akanijibu kwamba injini zote ni cc mia na ishirini na tano, kwa hiyo nguvu ni ileile. Béatrice akaunga mkono. Alisema, "Mama Divine, hii njo ya kisasa. Ile ingine iko ya mapadri wazee!"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa watu wa ziwani. Sisi kitu kipya tunakijaribu kando ya maji, mbele ya watu, tupigiwe makofi. Nikapanda nyuma ya Evariste, nimekaa upande kama tunavyokaa wanawake, tukashika barabara ya ufukweni. Mama we! Iliruka! Kitambaa kikanitoka kichwani, nikacheka mpaka machozi. Wauza samaki wenzangu wakapiga vigelegele.

Lakini ufukweni ni tambarare, jamani! Kwenye tambarare kila kitu kinaruka.

Siku ya kwanza ya soko tulifunga vikapu viwili vya sambaza, tukauanza mlima. Kwenye kona ya kwanza pikipiki ikakohoa. Evariste akakamua moto, ikapiga kelele ya kupasua masikio, tukasogea. Akiachia kidogo tu, inazima. Nguvu yake yote ilikuwa juu, kwenye kelele. Huku chini, mahali mzigo unapohitaji kuvutwa, hakuna kitu. Debe tupu! Embrayage, yaani klachi, ikaanza kunuka kuungua. Nikashuka. Nikasukuma. Ikaanguka kwenye tope pamoja na samaki, na sikuweza kuiinua, ilikuwa nzito mno.

Nilifika Kanama saa za watu kurudi nyumbani. Mteja wangu mmoja, mama mzee, alinusa kikapu, akafunika pua, akaondoka bila kunisalimia. Nililia pale sokoni kama mtoto.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki... Embrayage inaungua, tunatengeneza, inaungua tena. Evariste akaanza kusema mgongo unamuuma, nitafute mtu mwingine. Akawa anapotea nyumbani. Nikarudia kubembeleza minibasi, wateja wakapungua mmoja mmoja.

Asubuhi moja nilikuwa kando ya barabara na kikapu changu, nikasikia mlio wa injini ukipanda, wa chini, mtulivu. Nikageuka. Ile nyekundu! Imebeba vikapu vya sambaza, na juu ya vikapu kiko kifuko cha viazi. Aliyeiendesha ni mume wangu mwenye mgongo mbovu. Aliyekaa nyuma, upande, ni marraine wa mwanangu. Walinipita. Béatrice aliangalia mbele, hakugeuza hata shingo!

Nilishuka mpaka kwa Papa Safari, nikihema. Sikuwa nimefungua mdomo, yeye akanisalimu kwa furaha: "Mama, karibu! Pikipiki yako mbili inaendaka je?"

Zangu mbili... Mnaelewa, wasomaji? Akiba yangu ilinunua zote mbili! Papa Safari, bila kujua anachonichoma nacho, akaniambia kwamba bwana na bibi walizipeleka zote mlimani kwanza. Nyekundu ilipanda na watu wawili na gunia la viazi. Nyeusi ilizimika. Basi nyekundu wakaificha kwa Béatrice, nyeusi wakaniletea mimi niende kupigiwa vigelegele.

Nilipomkabili Evariste hakukana. Alifunga nguo zake, akasema kila mtu abaki na yake. Akahamia Kanama. Sokoni kwangu akakaa Béatrice, akiwauzia wateja wangu.

Kuna wanaolala wakilia. Mimi nililala nikipanga.

Ile nyeusi niliiuza kwa kijana mmoja wa mjini anayependa kuonekana. Nilimwambia wazi kwamba mlimani haipandi. Akacheka, akasema yeye mlimani ana shughuli gani? Nikauza na mushanana, vazi langu la harusi, bila chozi. Nikamwendea tena Papa Safari nikitafuta ndogo nyepesi, na safari hii nilimwambia ailete mlimani. Tukaijaza vikapu vya mchanga uliolowa. Nikamwamuru asimame katikati ya kona kali kuliko zote, kisha aondoke tena. Ikaondoka! Polepole, bila kulalamika. Kisha nikailaza chini, nikaiinua mwenyewe. Ndipo nikalipa.

Muuguzi wa chanjo alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Nilivaa suruali chini ya kitenge, nikaipanda kama mwanaume. Mama mkwe akanijia akisema mwanamke aliyetanua miguu juu ya mashine ni aibu. Nikamjibu kwamba aibu aliizaa yeye, na jina lake Evariste.

Nikaanza kufika Kanama mapema, sambaza zikiwa bado na ubaridi wa ziwa. Wateja wakarudi. Yule mama mzee alikuwa wa kwanza.

Na kila tulipopishana, niliisikia ile nyekundu. Ilianza kugonga. Ile nyeusi mafuta yake ya injini huchanganywa na essence, yaani petroli, lakini nyekundu ina mafuta hayo tumboni, ni lazima yabadilishwe. Evariste hakuyabadilisha hata mara moja. Niliisikia ikigonga, tak, tak, tak... nikanyamaza. Ningesema kwa nini? Nani aliniambia mimi?

Siku ikafika. Nilizunguka kona, nikawakuta. Nyekundu imelala pembeni, injini imekufa kabisa. Evariste ameshika kichwa. Jua linazidi, vikapu vyao vinadondosha maji.

Nilisimama. Béatrice akaja mbio, machozi usoni. "Mama Divine, pardon! Beba samaki tu, sisi utatuacha. We si mukristo?"

Nikashuka. Nikafunua kikapu, nikanusa, nikafunika.

Nikamwambia, "Sukuma."

Wasomaji, ningeweza kuondoka mbio. Sikuondoka mbio! Nilitia vitesse ya kwanza, gia ya mlima, nikapanda polepole kadiri injini ilivyoniruhusu, ili wauone mgongo wangu muda mrefu. Haikuzima.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Chombo cha kukulisha usiruhusu mwingine akuchagulie, hata awe mume, hata awe marraine. Usidanganywe na cc wala kelele. Kijaribu na mzigo wako, kwenye mlima wako, tena usimame katikati na uondoke upya. Na watu wajaribuni hivyo hivyo! Mimi Evariste na Béatrice niliwajaribu kwenye tambarare tu, tulipokuwa tunacheka.

Padri ananiuliza kila Jumapili lini nitasamehe. Namwambia, siku ile nyeusi itakapopanda Kanama na vikapu viwili.