Kistari Mahali pa Namba

Jioni ile nilikwenda ofisini kuchapa karatasi za arobaini ya mke wangu, Adwoba. Hilo tu.

Nyumbani niliwaacha ndugu wa ukoo wake wamekaa uani na nguo zao nyekundu na nyeusi. Walikuwa wakisubiri giza. Giza likiingia, Mama Esaaba, mama mdogo wa Adwoba, angenyweshwa kibuyu cha kiapo. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, yeye ndiye mchawi aliyemla Adwoba.

"Mkwe, nenda kachape karatasi zako," aliniambia Nana Amissah, mkuu wa ukoo. "Uchawi haufundishwi chuo kikuu."

Watu wakacheka. Mama Esaaba hakuinua macho. Miezi mitatu yeye ndiye aliyemwogesha mke wangu, mikono ya Adwoba ilipokuwa ikitetemeka na miguu imevimba kwa maradhi ya figo.  Nikameza hasira, nikaondoka.

Getini mlinzi, Alhassan, alinizuia.

"Bwana Quansah, umeme hakuna, na jenereta haina mafuta tangu asubuhi. Utachapa kwa mshumaa?"

"Mbona kompyuta yangu inawaka?"

Akageuka. Dirishani mwangu kulikuwa na mwanga hafifu wa bluu.

"Lahaula..." alinong'ona. "Mimi huko siingii. Na wewe kama una akili, huingii."

Nikaingia.

Ukumbini palinuka tope la kisima na mafuta ya shea. Adwoba alijipaka mafuta hayo kila asubuhi. Nilisimama. Nyuma ya mlango wangu nikasikia vitufe vya kompyuta.

Tak. Tak... tak.

Nikasukuma mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Waya wa kompyuta ulikuwa umelala sakafuni, umechomolewa. Kwenye kioo lilikuwa wazi jedwali langu la maji.

Lazima niseme jedwali hilo ni nini, maana ni kazi ya mikono yangu. Maabara yetu hupima visima sitini na kimoja. Adwoba alizunguka na chupa kuchukua sampuli, akiandika A.Q. kwenye kila kibandiko. Mashine ilipima, mimi nikapanga namba. Wachimba dhahabu walipoanza kumwaga zebaki upande wa juu wa mto, mashine ikaanza kutoa vitu kama 4.1E-03, yaani 0.0041. Mkurugenzi wetu, Bwana Arhin, alifoka.

"Hii E ni ya nini? Wazee wa vijiji watadhani tumekosea. Nataka karatasi safi!"

Nikampa karatasi safi. Niliandika amri fupi kwenye safu nzima: kila namba iliyo chini ya 0.01 ionekane kama kistari. Namba haikufutwa. Ilibaki chini ya kistari chake, na ukibofya kisanduku unaiona juu ya jedwali. Lakini karatasi iliyochapwa haibofyeki. Kikomo cha zebaki katika mwongozo wetu kilikuwa 0.001. Nilikijua. Jedwali likapendeza, nikasifiwa kikaoni.

Siku moja Adwoba aliniuliza, karatasi mkononi. "Ebo, hiki kistari maana yake nini?"

"Maana yake hakuna kitu," nilimjibu, bila kugeuza kichwa.

Akaenda kuchota maji kisimani kwetu, akatupikia chai.

Sasa mwishoni mwa jedwali kulikuwa na mistari ambayo sikuiandika. Mchukuaji: A.Q. Tarehe zote zilikuwa za baada ya maziko.

Kisima cha uani. Kistari.

Jagi la jikoni. Kistari.

Birika la chai. Kistari.

Mkojo wa mume. Kistari.

Nikabofya. Kimoja baada ya kingine. 0.0041... 0.0063... 0.0072... Mstari wa mume ulikuwa 0.0098.

Nyuma ya shingo yangu kitu kikapumua. Pumzi baridi, yenye harufu ya tope.

Tak.

Mstari mpya ulikuwa ukijiandika mbele ya macho yangu, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayetetemeka mikono.

Kibuyu cha kiapo. Tarehe ya leo.

Nilisubiri kistari. Hakikuja.

3.20

Sikuzima kitu. Nilikimbia. Alhassan aliniita, sikusikia alichosema.

Nilipofika uani, kibuyu kilikuwa tayari midomoni mwa Mama Esaaba. Nilikipokonya. Maji yakamwagikia mkono wangu, nusu yakabaki. Wanawake wakapiga kelele.

"Mkwe, umerukwa na akili?" Nana Amissah alisimama.

"Anza wewe, Nana."

"Nini?"

"Kunywa. Funda moja tu. Kama ni maji, ni maji."

"Kiapo si cha mzee. Mpe mwenyewe!"

"Kunywa!"

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. Nilikisukuma kibuyu mpaka kikagusa ndevu zake. Akarudi nyuma, kigoda kikaanguka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaniinamia, na kwa sauti ambayo alidhani ni mimi tu nitakayeisikia, akauliza:

"Nani amekwambia?"

 Lakini Mama Esaaba, aliyekuwa amepiga magoti kando yetu, alikuwa ameshasikia. Aliinuka, akajifuta midomo kwa kanga yake, akamtemea Nana mate miguuni.

Kesho yake, umeme uliporudi, maji yaliyobaki niliyapeleka maabara kwa chupa. Mashine ilitoa zebaki 3.20, zaidi ya mara elfu tatu ya kikomo. Nana Amissah alikuwa ameshaondoka mjini kabla ya alfajiri, na kwa nini alitaka Mama Esaaba afe, ukoo mpaka leo hauniambii. Kumbukumbu za kompyuta zinasema mistari ile minne ya kwanza iliandikwa kwa jina langu, siku ambazo nilikuwa makaburini.

Nilikaa, nikaifuta ile amri ya kistari. Nikachapa upya karatasi za miezi yote thelathini na sita tangu kistari kianze, kila namba na tarakimu zake zote, nikazituma kwenye vijiji vyote vyenye visima hivyo sitini na kimoja na kwenye meza ya kila mkubwa wilayani. Wa kwanza kunipigia simu alikuwa Bwana Arhin.

"Quansah, unataka kuwatisha watu?"

"Ndiyo, bwana."

Nilisikia akigeuza karatasi.  Alipozungumza tena, ile sauti ya kufoka haikuwepo.

"Huu mstari wa mwisho kabisa... wa asubuhi hii. Huyu A.Q. ni nani, na Adwoba tumemzika?"

"Sampuli ni ya wapi?"

"Jikoni kwangu," alinong'ona. "Imeandikwa glasi ya mtoto, jikoni kwangu."

Nikamuuliza ni namba ngapi.