Hita ya Mwalimu Abdelhak

Mwalimu Abdelhak alikutwa bafuni amekaa kwenye kiti cha plastiki, taulo begani, sabuni ya kunyolea imemkaukia kidevuni. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ungedhani katoka juani. Na nje theluji ilikuwa inaanguka mji mzima wa Constantine.

"Kaboni monoksidi," daktari wa polisi alisema akivua glavu. "Rangi hiyo naijua. Amekufa kama saa tatu zilizopita."

Inspekta Nadjet Hamlaoui aliitazama hita ya gesi ya kuchemshia maji iliyotundikwa ukutani. Mke wa marehemu ndiye aliyeizima, aliporudi kutoka kwa dada yake.

Ngazini majirani walikuwa wameshatoa hukumu.

"Ubishi umemuua! Miaka ishirini hakuna fundi aliyevuka kizingiti chake!"

"Mwalimu wa hesabu, lakini kila kitu anakijua yeye!"

Hawakusema uongo, jamani. Mle ndani bomba la jikoni, mguu wa meza, mpini wa sufuria, vyote vilikuwa vimezungushiwa utepe wa rangi ya fedha. Marehemu hakuwa na dawa nyingine.

Bi Ouarda, mjane wake, alitoka jikoni akanyoosha mikono yote miwili mbele ya inspekta.

"Nifunge, binti yangu. Nimemuua mimi."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai!" Alielekeza kidole kwenye tundu la hewa juu ya mlango wa bafu. Lilikuwa limeshindiliwa sweta kuukuu. "Baridi ikianza naziba. Yeye anatoa, mimi naziba. Jana nimeziba. Wanangu nitawaambia nini? Kwamba baba yao nimemuua kwa sweta?"

Koplo Tarek alikuwa ameshafungua daftari. Nadjet alimwashiria asubiri. Alijua maneno yale yakiandikwa tu, mwendesha mashtaka angemfungulia yule mama kesi ya kuua bila kukusudia. Na mama mwenyewe angekubali kila kitu, hata asichokifanya.

"Koplo, twende juu."

Juu ya paa dohani za kutolea moshi wa hita zilikuwa zimejipanga, kila moja ikitoa mvuke wake. Moja tu, ile ya Mwalimu, ilikuwa kimya. Nadjet alipiga magoti kwenye theluji, akamulika ndani kwa tochi. Chini kidogo ya mdomo, dohani ilikuwa imezibwa kwa jasi mpya, imesawazishwa kwa mwiko ikalainika kabisa. Alimega kipande. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za katani.

"Afande, tundu lile la sweta..."

"Hata lingekuwa wazi, Tarek, moshi wote ulikuwa unamwagika humo humo bafuni. Niitie yule fundi wa chini, Mzee Slimane."

Slimane alikuwa fundi bomba mwenye duka lake chini ya jengo hilo hilo. Alipofika, maiti ilikuwa imeshaondolewa. Alisimama mlangoni na kofia yake ya sufu, macho yamemvimba.

"Mzee wangu, mimi hita siijui," Nadjet alisema kwa upole. "Nisaidie kuikagua."

"Nilimwonya. Watu wote ni mashahidi."

"Ifungue."

Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu nne, akalitoa bati la mbele. Mkono ukamganda hewani. Ndani, kipande cha waya wa shaba kilikuwa kimeunganisha ncha mbili, kikairuka swichi ndogo.

"Hapana," alinong'ona. "Hapana, hapana! Mtu mwenye akili gani anafanya hivi?"

"Swichi hiyo kazi yake nini?"

"Usalama! Dohani ikiziba, hii inazima moto papo hapo. Ilipaswa kuzima! Asingeguswa hata unywele!"

"Nani kakwambia dohani imeziba?"

Slimane aliiweka bisibisi chini.

"Huko ngazini wanasema ubishi," Nadjet aliendelea. "Mama hapa anasema sweta. Dohani umeitaja wewe." Akaweka kile kipande cha jasi juu ya sinki. "Mafundi wangapi mtaa huu bado wanachanganya jasi na katani?"

"Mimi," alijibu. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

"Lini?"

"Juzi. Wallahi sikutaka afe! Nilitaka hita izime tu."

"Kwa nini?"

"Miaka ishirini, afande! Kila jioni mkahawani: 'Fundi wa nini? Bisibisi na akili vinatosha.' Watu wanacheka, na mimi nimekaa meza ya pili na kikombe changu. Jengo zima likaacha kuniita. Nilitaka anibishie hodi. Mara moja tu, mchana kweupe, watu wakimwona."

"Na hakuja."

Slimane aliufunika uso wake kwa viganja.

"Alikuja. Jana asubuhi. Nilimwona kwenye upenyo wa mlango wa duka. Alibisha mara tatu. 'Slimane, ndugu yangu, hita imenishinda.' Kwa sauti, na majirani wanapita."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Nilitaka arudi mara ya pili."

Koplo Tarek alitoa pingu, akazishika tu mkononi.

Bi Ouarda alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia yote. Alisogea hadi mbele ya fundi, na Nadjet akajiandaa kumzuia. Lakini mama hakuinua mkono.

"Aliporudi nilimuuliza, Slimane amesemaje? Akaniambia, 'Hayupo. Hajawahi kufunga duka asubuhi, huenda anaumwa.' Akakaa hapo ulipokaa, akafunga huo waya ili tupate maji ya moto mpaka utakapopona."

Slimane alianza kulia.

"Akaniagiza nikupikie supu ya chorba," mama alisema. "Nimeipika. Iko jikoni."